Uchi Mbele ya Kamera: Sanaa ya Nani?

Swali la mwili mtupu katika sanaa ni la kale. Wagiriki waliuchonga katika mawe, na Wataliano wakauchora katika kuta za makanisa. Senema ilipokuja, swali hilo likahamia katika pazia jeupe, na hapo likaingiwa na ubaguzi.

Mwaka 1933 filamu ya Ekstase ya Gustav Machatý ilimwonyesha mwigizaji Hedy Kiesler akiogelea uchi, na mwaka 1935 forodha ya Marekani ikaizuia. Kanuni ya Hollywood ya mwaka 1930 ilikataza uchi; lakini baadaye iliongezewa maelezo kwamba picha za wenyeji wa nchi za kigeni, zikionyesha maisha yao, zaweza kuruhusiwa. Yaani mwili wa Mzungu ulistahili kusitiriwa, na wa Mwafrika ukahesabiwa sehemu ya mandhari, sawa na mti na twiga. Gazeti la National Geographic lilikuwa limekwisha kuifuata njia hiyo tangu mwaka 1896. Lilikiri ubaguzi wa kurasa zake mwaka 2018.

Sudan yaijua vyema habari hii. Mwaka 1949 Mwingereza George Rodger aliwapiga picha wacheza mieleka wa Kinuba, huko Kordofani. Picha hizo zilimvuta Leni Riefenstahl, aliyeitengeneza Olympia (1938) katika enzi ya Hitler, filamu ifunguayo kwa miili mitupu iliyopangwa mfano wa sanamu za Kigiriki. Kitabu chake juu ya Wanuba kilitoka mwaka 1973, kikasifiwa sana. Mwaka 1975 Susan Sontag alipinga sifa hizo, akionyesha kwamba jicho lililotukuza nguvu na miili mikamilifu huko Ujerumani ndilo lililokuja kuwatazama Wanuba. Basi neno “sanaa” peke yake halimtakasi mtu.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliwashurutisha Wamasai kuacha mavazi yao, kana kwamba ni aibu ya taifa. Mgeni aliyapenda yale yale ambayo mtawala aliyaonea haya, na wote wawili hawakumwuliza mwenyewe. Kijana wa Kidinka aliyevaa shanga za rika lake hakujiona yu uchi. Shanga zile zilitangaza umri wake na heshima yake. Uchi ulikuwa katika macho ya mtazamaji.

Jambo hili lamhusu mwalimu wa Gurei, mjini Juba. Picha ambazo Evans-Pritchard aliwapiga Wanuer katika miaka ya 1930 zimehifadhiwa Oxford, na leo mwanafunzi aweza kuziona katika simu. Huenda aliyesimama pale ni babu wa babu yake. Akicheka, au akiinamisha kichwa kwa haya, mwalimu asimnyang'anye picha. Amfundishe kuuliza: nani alishika kamera, nani aliombwa ruhusa, na faida ilikwenda kwa nani? Mtoto ajuaye kuuliza hivyo hatamwonea haya babu yake.