Albamu Iliyozaliwa Darasani

Katika Chuo cha Stow, mjini Glasgow, wanafunzi wa biashara ya muziki hawakujifunza kwa vitabu peke yake. Chuo kilikuwa na lebo yake, Electric Honey, na kila mwaka darasa lilichagua msanii mmoja, likatoa singo yake na kuitafutia wasikilizaji. Mwaka 1996 zamu iliiangukia Belle and Sebastian, bendi ambayo haikuwa imetimiza hata nusu mwaka. Badala ya singo, darasa likatoa albamu nzima: Tigermilk.

Mashabiki wengi wa indie pop huihesabu albamu hiyo miongoni mwa nguzo za muziki wao, na mara nyingi sifa zote humwendea mtunzi wake, Stuart Murdoch. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Lakini ukifuatilia safari ya nyimbo zake hadi studio, utakuta zilipita mikononi mwa taasisi za umma, na taasisi hizo zinastahili sehemu yao ya heshima.

Murdoch aliugua akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Uchovu sugu ulimweka kando ya masomo na kazi kwa takriban miaka saba, na ni katika kipindi hicho alipoanza kutunga nyimbo. Afya ilipoanza kurejea, alijiunga na Beatbox, mafunzo ya serikali kwa wanamuziki wasio na ajira. Huko ndiko alikokutana na mpiga besi Stuart David. Wawili hao wakarekodi nyimbo za majaribio kwa msaada wa Alan Rankine, aliyewahi kung'ara na bendi ya The Associates na ambaye wakati huo alikuwa mwalimu Stow.

Rekodi hizo zikafika darasani. Kwa kawaida mpango wa chuo ulikuwa singo tu, lakini Murdoch alikuwa na nyimbo za kutosha, na wahusika wa lebo walivutiwa nazo kiasi cha kuruhusu kazi ndefu zaidi. Bendi ikakamilika haraka: Stevie Jackson kwenye gita, Isobel Campbell kwenye chelo, Chris Geddes kwenye kinanda. Ngoma zilipigwa na Richard Colburn, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kozi hiyo hiyo.

Waliingia studio za CaVa, Glasgow, wakarekodi nyimbo 10 kwa siku tatu.

Haraka hiyo inasikika, nayo ni sehemu ya utamu wa albamu. Sauti ya Murdoch ni ya chini, karibu ya mazungumzo. Magita hayapigi kelele. Chelo na tarumbeta huingia pale tu panapohitajika. Mashairi yake ni hadithi fupi za vijana wapweke, wanafunzi wanaoonewa na waumini wenye mashaka. Mwaka huo Uingereza ilikuwa imetekwa na Britpop, mtindo wa roki ya Kiingereza, na bendi ya Oasis ilikuwa ikijaza viwanja. Bendi hii ilithubutu kuimba kwa upole.

Nakala 1,000 za santuri zilitolewa Juni 1996. Idadi hiyo ina historia yake. Mwaka 1977 bendi ya Buzzcocks, kutoka eneo la Manchester, ilichapisha yenyewe nakala 1,000 za kwanza za santuri yake Spiral Scratch, na kuwaonyesha wengi kwamba wanamuziki wanaweza kufika sokoni bila kampuni kubwa. Miaka mitatu baadaye lebo ya Postcard ilileta ari hiyo Glasgow kwa kutoa kazi za bendi ya Orange Juice. Electric Honey iliirithi njia hiyo na kuifanya somo la chuo.

Santuri zikaisha, lakini hamu ya watu haikuisha. Lebo ya Jeepster iliisajili bendi mwaka huo huo, na albamu ya pili, If You're Feeling Sinister, ikatoka Novemba. Wasikilizaji wapya waliotaka kujua mwanzo wa bendi walilazimika kunakiliana Tigermilk kwenye kanda, huku nakala halisi zikiuzwa kwa mamia ya pauni. Mwaka 1999, baada ya bendi kushinda tuzo ya Brit ya wasanii chipukizi kwa kura za wasikilizaji, Jeepster ikaitoa upya, na hatimaye kila aliyeitaka akaweza kuipata dukani.

Darasa nalo halikuishia hapo. Mwaka 1997 Electric Honey ilitoa kazi ya kwanza ya vijana waliojiita Polarbear, ambao baadaye walijulikana duniani kwa jina la Snow Patrol. Mwaka 2000 ikafika zamu ya bendi ya Biffy Clyro. Chuo cha Stow kiliunganishwa na vyuo vingine viwili mwaka 2013 kuunda Chuo cha Glasgow Kelvin, na lebo ya wanafunzi ikahamia huko pamoja na kozi yake.