Mizani ya Bariadi

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Lakini kwa mipango ya maendeleo, nchi hii ni kongwe, na karibu kila mpango wake umeishia palepale: kwenye mizani ya pamba.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Kwenye karatasi ulipendeza: matuta ya kuzuia mmomonyoko, mifugo ipunguzwe, watu wahamie Geita. Shambani ulifika kama amri na faini. Wasukuma waliugomea, TANU ikapigwa marufuku Kanda ya Ziwa tangu 1954 hadi 1958, na mpango ukafa huku wataalamu wakilalamika kwamba mkulima haelewi.

Mkulima alielewa vizuri sana. Alijua kwamba anaibiwa kwenye mizani ya mfanyabiashara, akataka mpimaji wake mwenyewe. Dai hilo dogo, ambalo halikuwamo kwenye mpango wowote wa serikali, lilisaidia kuzaa vyama vya ushirika na kisha, mwaka 1955, Victoria Federation chini ya Paul Bomani. Wakulima waliokuwa wakilipishwa faini kwa kutochimba matuta wakaja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Kwangu mimi, huo ndio mpango wa muda mrefu uliofaulu kuliko yote hapa.

Haukudumu. Serikali huru ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikavirudisha miaka ya themanini vikiwa vimechoka, kisha soko likafunguliwa katikati ya miaka ya tisini na wachambuaji binafsi wakaingia.

Halafu ikaja zama ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka. Mwaka 2017 mkoa ulizindua mwongozo wa uwekezaji, ukisaidiwa na ESRF na UNDP. Kaulimbiu ilikuwa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja. Vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa. Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yakafanyika Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Sicheki hata kidogo: chaki iliyotengenezwa Maswa ikiandika ubaoni ni jambo la kujivunia.

Ila pamba ndiyo iliyolisha mkoa. Msimu wa 2019 serikali ilitangaza bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita. Pamba ilikuwa imeshapokelewa na AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa miezi. Hapo ndipo tunapopaswa kulitazama upya neno ubia. Serikali ilitoa ahadi bila kutoa fedha. Mnunuzi alikuwa na uhuru wa kusubiri, benki ilikuwa na dhamana. Mkulima pekee alikuwa ameshakabidhi mali yake, na ada ya shule haikusubiri soko la dunia. Safari hii mizani ilipima sawasawa. Kilichokosekana ni mkataba unaosema hasara ni ya nani bei ikianguka.

Uzalishaji wa pamba nchini ulikuwa takriban tani 348,000 msimu wa 2019/20. Msimu uliofuata ulishuka hadi takriban tani 122,000. Mvua na wadudu walitajwa, na kwa haki. Lakini wapo pia waliotazama shamba lilelile mvua za kwanza ziliponyesha, wakapanda choroko.