Kupima Roho ya Mutu: Kutoka Kichwa cha Lusinga Mupaka Karatasi ya Maswali

Hapa kwetu Kalemie, mbele ya jamaa kukubali mahari ya kijana, kuna kazi moja inafanywa kimya. Shangazi mumoja anatumwa ku kartie anakoishi kijana. Anafika kama mutu anayetafuta ndagala ya kununua, anaketi kwa jirani, anauliza habari. Akikosa feza, anakuwa namna gani? Akinywa, anaimba ao anapiga? Mama yake akigonjwa, nani alilala naye ku hospitali? Halafu anaenda kwa jirani mwengine na kuuliza yale yale. Kijana mwenyewe hamuulizi hata neno.

Wasomi wa psikolojia wana majina marefu kwa kazi ya huyu shangazi: kukusanya mashahidi wengi, kumuangalia mutu katika hali mbalimbali, kulinganisha majibu. Sisi tulikuwa nayo zamani, lakini hatukuiandika. Walioandika juu ya tabia yetu walikuwa wengine, na ginsi walivyopima ni historia ambayo ilianza karibu na hapa, kando ya ziwa.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, musafiri wa Scotland, alipita katika milima ya kusini na kukutana na Lusinga, mukubwa wa Watabwa aliyejulikana kwa vita na biashara ya watumwa. Thomson alimuelezea kama mutu wa damu. Hiyo ilikuwa njia ya kwanza: jicho la mugeni na siku chache za kukaa. Sisemi alidanganya. Watu waliouzwa na Lusinga hawakuwa na sababu ya kumutetea. Lakini hao Thomson hakuwauliza sana.

Kisha akakuja Émile Storms, askari Mubeleji, aliyeanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883 kwa jina la Shirika la Kimataifa la Afrika. Yeye na Lusinga walikuwa vichwa viwili katika chungu kimoja. Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia boma la Lusinga, wakamuua, wakamukata kichwa. Storms akarudi Ulaya mwaka 1885, na kichwa kile kikafika Bruxelles pamoja na vya wakubwa wengine wawili, Maribu na Mpampa. Mwaka 1886 Daktari Émile Houzé alivipima na kuandika habari yake mbele ya Shirika la Antropolojia la Bruxelles. Wakati ule wasomi wengi waliamini kama upana wa fuvu na umbo la mufupa vinaonyesha akili na tabia ya mutu, hata ya kabila lake lote. Mafuvu matatu, na watu wa upande muzima wa magaribi ya Tanganyika wakapewa tabia yao! Shangazi yetu, kwa kijana mumoja tu, anapita nyumba ine ao tano.

Sasa angalia hii. Mwaka ule ule wa 1884, Mwingereza Francis Galton alichapisha maandiko juu ya kupima tabia. Alifungua kamusi, akahesabu maneno yanayoeleza tabia ya watu, akakadiria kama yanafika 1,000. Wazo lake lilikuwa rahisi: tabia yenye maana kwa watu, watu wataipa jina. Mwaka 1936 Wamarekani Gordon Allport na Henry Odbert waliendelea na kazi hiyo katika kamusi kubwa ya Kiingereza, wakapata maneno 17,953. Ni katika shamba hilo njo kulitoka zile tabia kubwa tano zinazofundishwa leo ku univerisite: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, kuchangamukia watu, upole, na mahangaiko ya moyo. Neno la lugha likachukua nafasi ya mufupa. Haya yalikuwa maendeleo, lakini lugha iliyohesabiwa haikuwa yetu.

Katika miaka ya 1950 vipimo vilirudi Kongo. Union Minière ilikuwa na wapsikolojia wake Elisabethville, leo Lubumbashi, na testi zilisaidia kuchagua watu wa kazi. André Ombredane, profesa wa Bruxelles, alichukua njia ya Henry Murray na Christiana Morgan wa Harvard, ambayo mutu anaonyeshwa picha na kuambiwa atunge hadisi juu yake. Akaona kama picha za Wazungu hazisemi kitu kwa watu wa huku, akafanya zingine zenye watu weusi. Kitabu chake juu ya hiyo Congo TAT kilitoka 1954. Ndani ya jina la kitabu kuna maneno "akili ya Weusi", kama vile Weusi wote walikuwa na roho moja. Lakini huyu Ombredane alifanya pia jambo moja la heshima. Kwa Waasalampasu wa Kasai alirudilia testi ile ile ya akili mara kadhaa, na alama zikapanda. Kumbe sehemu ya kile kilichoitwa uzito wa akili kilikuwa ugeni wa karatasi tu.

Na leo? Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichunguza majibu ya watu 94,751 katika inchi 23 zenye mapato madogo ao ya katikati. Wakaona maswali ya zile tabia tano, yakiulizwa uso kwa uso, mara nyingi hayapimi kile yanachotaka kupima. Sababu moja ni watu kujibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Hiyo haikunishangaza. Mimi mwenyewe niliketishwa siku moja ku biro ya shirika moja lililotafuta wafanyakazi. Wewe ni mutu wa bidii? Ndiyo. Wewe ni mupole? Ndiyo. Unapenda kuamuru wengine? Ndiyo. Kijana aliyeuliza alikuwa na heshima, nilikuwa na watoto wa kulisha, ningemujibu nini kingine?

Mambo haya si mazungumzo ya wasomi tu. Katika vita kati ya Watwa na Waluba, iliyowaka sana 2016 na 2017, watu walikufa na kukimbilia kambi za kando ya muji huu, na ndani ya kila kambi ungesikia: wale wana roho fulani, ni wa kuzaliwa hivyo. Ni hesabu ile ile ya Houzé, ila bila rula.

Fuvu la Lusinga, gazeti Paris Match la Ubeleji lilionyesha mwaka 2018 kwamba lilikuwa lingali katika taasisi ya sayansi ya asili ya Bruxelles. Sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja wa Ixelles mwaka 2022.

Tangu hapo nimeanza daftari yangu ya maneno ya tabia tunayosema hapa: kichwa ngumu, mutu wa maneno, roho mubaya, moyo mweupe. Muzee mumoja muvuvi nilimusomea orodha ku bandari, nikamuomba aniambie katika watu wake wa pirogi nani ni nani. Alikataa kwanza. Aliniuliza kama nataka kujua wakiwa inchi kavu, ao usiku, taa imezimika na upepo umekuja.