Mgonjwa Asiyeumwa

Nimefundisha wauguzi miaka mingi, na mwalimu ninayemwonea wivu ni Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, alichoka kuwapima wanafunzi kwa yale waliyomsimulia tu. Nani alikuwa amewaona wakimshika mgonjwa? Akamchukua mwanamke aliyezoea kukaa mbele ya wachoraji, akamfundisha kuigiza maradhi: miguu imepooza, jicho moja halioni. Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, wakamhoji, wakampima. Wakishatoka, yeye akajaza fomu kueleza alivyotendewa.

Yaani maksi zilitoka kitandani! Wakubwa wa fani hawakupendezwa, na magazeti yakadhihaki kwamba Hollywood imevamia udaktari. Barrows hakuacha. Miaka ya 1970, Paula Stillman, daktari wa watoto huko Arizona, akawafunza akina mama kueleza magonjwa ya watoto wa kubuni.

Kuanzia 2004 Marekani ikaufanya mchezo huo mtihani wa leseni. Ada ilizidi dola 1,000, na waliosomea ng'ambo walijilipia nauli juu yake. Watahiniwa wakajifunza kubisha hodi, kutabasamu, kusema "pole" kwa wakati wake. Nami nauliza, hapo nani alikuwa mwigizaji? Korona iliusimamisha mwaka 2020, ukafutwa 2021. Siwalaumu waliofurahi. Wagonjwa wa kuigiza wenyewe wamebaki vyuoni, na mwanafunzi akikosea huambiwa palepale.