Upana wa Chumba

Chumba nilimozaliwa, hapa Lamu, ni kirefu kama ujia, lakini upana wake haufiki mita 3. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama wazee wetu walipenda kubanana. Hapana, bwana. Dari ya mawe na chokaa hubebwa na boriti, boriti ni mikoko, na mkoko ulionyooka vizuri haukupi zaidi ya hapo.

Babu yangu alikuwa mkata mikoko. Saa yake ilikuwa maji: bamvua likijaa waliingiza mashua ndani kabisa ya mkono wa bahari, yakipwa walishuka topeni na mashoka. Alinichukua mara moja tu, nami nikapoteza kiatu kabla ya kuufikia mti wa kwanza. Nadhani kingali humo.

Siku hiyo hakunifundisha kukata. Alinilambisha jani la mti mwingine wa topeni, mchu: chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi majanini. Mkoko huizuia mizizini isipande. Na kwa kuwa tope lile halina hewa, mchu husimamisha vijizizi vyake juu kama kalamu, upumue maji yakitoka. Mkoko wenyewe husimama kwa miguu mingi iliyopinda, na mbegu yake huota ingali juu ya mama, ikarefuka kama sigara. Ikianguka huchomeka papo hapo, au huchukuliwa na maji ikatafute pa kukaa.

“Mchu una roho saba kama paka,” alisema babu. “Mkoko una moja.”

Alijua alichosema. Mchu ukikatwa huchipua. Shina la mkoko likikatwa limekwisha, kizazi chake kimo katika ile mbegu. Na uliotakiwa sokoni ni huohuo mkoko, kwa ugumu wake na kwa kuwa mchwa hawaupendi.

Miti hiyo iliuzwa kwa korja, yaani 20-20, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yamesheheni miti. Kuwait, nchi isiyo na mti wa kuezekea, waliiita chandal, na vyumba vyao vya zamani ni vyembamba kama changu. Kipimo chao kilitoka kwenye tope letu.

Mafuta yakawaletea chuma na saruji. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, na babu akanung'unika hadi siku zake za mwisho. Mimi simuungi mkono. Nimepita pale alipokata ujanani: mikoko hamna, iliyobaki ni ile yenye roho saba.

Mwaka jana boriti mbili za chumba changu zilioza, mvua ilikuwa ikivuja. Fundi akanishauri tubomoe tuweke zege, chumba kipate nafasi. Nilimwambia alete boriti. Upana haukuguswa.