Kikwembe cha Noeli

Sisi wa Bengamisa, kwenye barabara ya Buta, tulizoea kununua kikwembe kipya Noeli ikikaribia kabisa. Miaka ya mwisho ya zaire iliharibu desturi ile. Mwezi wa kwanza 1993 askari waliolipwa kwa noti ya milioni 5, ambayo Waziri wa Kwanza Tshisekedi aliikataza, walipora Kinshasa. Oktoba, zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya milioni 3 za zamani. Basi nani angeweka makuta mpaka Desemba?

Mama akishauza mchele wake Kisangani, alirudi na chumvi, sabuni na kikwembe. Wazee walimsema, eti anakula sikukuu kabla ya wakati. Walikosea, tunaona. Shida ikija, kikwembe kilichokunjwa sandukuni kiliuzika. Noti za mumewe watoto walikuwa wanazichezea.