Mtunzi Mbele ya Hadhira Inayojibu: Mnyampala, Ngonjera na Kunadi Kitabu katika Nyanda za Kati za Tanzania

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mtunzi wa vitabu methali hii ina mtego. Akiifuata, atakaa nyumbani na kitabu chake kitabaki ghalani kwa mchapishaji. Akiipuuza, ataonekana mchuuzi anayejisifia bidhaa. Kutokana na mtego huo, sanaa ya mtunzi kusema mbele ya watu kwa ajili ya kitabu chake huchukuliwa aghalabu kuwa jambo geni, lililoletwa na sherehe za uzinduzi katika kumbi za mijini. Dhana hiyo haina mashiko. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na jukwaa kabla ya kuwa na duka, na watunzi wengi walijulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa jalada.

Mhadhara huu unachunguza jawabu la mtunzi mmoja wa nyanda za kati za Tanzania, Mathias Mnyampala (1917–1969), kwa swali la namna ya kuifikisha kazi iliyoandikwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kuisoma. Jawabu hilo ni ngonjera. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya ngonjera ilitokana na kumpa msikilizaji nafasi ya kupinga; na udhaifu wake ulitokana na kuliandika jibu la msikilizaji huyo kabla hajafungua kinywa. Mambo hayo mawili yanamhusu kila mtunzi anayesimama leo mbele ya hadhira na kitabu mkononi.

Hadhira ya Chemba

Ili kuielewa hadhira ya nyanda za kati, inafaa kuanzia Chemba, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kondoa, mkoani Dodoma. Kwa mtaalamu wa lugha, eneo hili ni hazina. Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu. Kiburunge ni lugha ya Kikushi. Kidatooga cha Wabarabaig ni cha Kinailoti. Na Kisandawe, kinachozungumzwa pande za Kwa Mtoro na Farkwa, kina sauti za vidoko na wataalamu hawajaafikiana kukiweka katika familia yoyote. Katika mnada mmoja wa mifugo zinaweza kukutana lugha za asili nne tofauti kabisa. Kiswahili kilipata nafasi katika mazingira hayo kupitia misafara ya biashara, utawala, dini na shule, na hatimaye siasa za TANU. Kwa walio wengi kilikuwa lugha ya kukutania, wala hakikuwa lugha ya mama.

Hali hiyo ina maana kubwa kwa mtunzi. Msamiati wa ushairi wa mwambao, unaopendeza Tanga au Lamu, ulihitaji kufafanuliwa ulipofika bara. Mzungumzaji aliyepanda jukwaani na kusoma beti mfululizo bila kuzifungua aliwaachia wasikilizaji mdundo tu. Aidha, wasikilizaji wenyewe hawakuwa watu wasio na sanaa. Uimbaji wa Wagogo, ambao Hukwe Zawose (aliyefariki mwaka 2003) aliufikisha katika majukwaa ya ulimwengu, ni wa sauti nyingi zinazopishana na kupokezana. Aliyelelewa katika sanaa ya namna hiyo hatosheki kukaa kimya. Huitikia, huongeza, husahihisha.

Kulikuwa pia na suala la majira. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati wa kulima na kupalilia uwele na mtama, mkutano wa hadhara huwa ni usumbufu. Baada ya mavuno watu hupata wasaa wa kuketi kivulini na kusikiliza. Mwisho, kulikuwa na suala la kusoma. Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa watu hao kitabu kilikuwa kile kilichosikika.

Hakimu na mshairi

Mnyampala alikuwa Mgogo, mzaliwa wa Dodoma. Alipata elimu katika shule za misheni ya Kikatoliki, akafanya kazi ya ualimu na ukarani, na baadaye akawa hakimu katika mahakama za wenyeji. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kazi ambayo mwanahistoria Gregory Maddox aliihariri na kuitoa kwa Kiingereza mwaka 1995. Mwaka huohuo wa 1954, Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akisisitiza kwamba shairi liwe na vina na mizani na liweze kuimbika. Mnyampala alikuwa mfuasi wa mkondo huo. Alitunga kwa kanuni za mwambao ilhali yeye ni mtu wa bara, na hivyo akathibitisha kwamba kanuni hizo zinaweza kujifunzwa na yeyote.

Ni vyema kuizingatia kazi yake ya uhakimu. Barazani, hakimu husikiliza mlalamikaji, humsikiliza mlalamikiwa, huwauliza mashahidi, ndipo hutoa hukumu. Shauri lisilosikilizwa pande mbili haliwaridhishi waliohudhuria, hata hukumu ikiwa ya haki. Ushairi wa Kiswahili nao ulikuwa na mila ya malumbano tangu zamani, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi wa bara na pwani uwanja wa kujibizana kwa maandishi. Ngonjera inaweza kutazamwa kuwa ni mahali ambapo baraza la hakimu na malumbano ya washairi vilikutana.

Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waitumie sanaa yao kulieneza Azimio hilo kwa wananchi. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi katika UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitikia wito huo kwa ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Kwa hiyo, vitabu vyake vilivyosikika kwa watu wengi zaidi ni vile ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kusimama kuvinadi.

Muundo wa ngonjera kama ushauri kwa mzungumzaji

Swali linalofuata ni hili: vitabu hivyo vilijinadi vipi bila mwandishi wake? Jibu liko katika muundo. Ngonjera huwa na wahusika wawili au zaidi wanaojibizana kwa beti. Mmoja hajui, au anapinga, mwingine anaeleza. Mishororo hufuata mizani na vina vilivyozoeleka, mara nyingi mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane. Mwishoni anayepinga hukubali, na wote huafikiana.

Katika muundo huo mna maarifa matatu ya usemaji wa hadhara. Kwanza, pingamizi hutangulizwa. Msikilizaji anayekuja na shaka moyoni huisikia shaka yake ikitamkwa jukwaani, tena kwa beti nzuri, kabla hajaambiwa kwamba amekosea. Hilo humfanya atulie asikilize. Mzungumzaji anayeanza kwa kusifia kazi yake humwacha mtu huyo akibishana naye kimoyomoyo hadi mwisho.

Pili, sauti hugawanywa. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliweza kuikariri nafasi yake kwa msaada wa vina na mizani, akasimama na mwenzake mbele ya wazazi siku ya sherehe. Kila shule iliyokuwa na nakala moja ya kitabu iliweza kupata wasemaji wengi, na kila msemaji alikuwa mtoto wa kijiji kilekile, mwenye lafudhi ya watu wake. Mzazi ambaye asingetembea hatua kumi kwenda kumsikiliza mgeni kutoka mjini, alikwenda kumsikiliza mwanawe.

Tatu, lugha hujifafanua yenyewe. Neno gumu linapotamkwa na mhusika anayejua, asiyejua huuliza maana yake, na jibu hutolewa papo hapo ndani ya mizani. Katika eneo kama Chemba, ambako wasikilizaji walikutana kwa Kiswahili kila mmoja akitokea lugha yake, utaratibu huu ulikuwa wa lazima.

Jibu lililoandikwa mapema

Hata hivyo, haitoshi kuisifu ngonjera. Wahakiki wa fasihi katika miaka ya 1970 na baadaye waliilaumu kwa kugeuka wimbo wa kasuku. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Mhusika anayepinga aliumbwa ili ashindwe. Alipewa jina la mjinga au mvivu, na hoja zake zilikuwa dhaifu kwa makusudi. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilianza kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa agizo la taifa zima. Mfugaji aliyekuwa na swali la kweli kuhusu malisho na maji ya ng'ombe wake hakulikuta swali hilo katika beti. Na kama alilikuta, alikuta limeshajibiwa na mtu asiyefuga. Makubaliano ya jukwaani yalikwenda sambamba na amri, na sanaa iliyobuniwa kumpa msikilizaji sauti ikamsemea.

Majibu ya tatizo hilo yalikuja kwa njia mbili. Kwa upande wa ushairi, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974, akaachana na vina na mizani. Shairi lake lilimruhusu mtunzi kubaki na shaka, ingawa lilipoteza wepesi wa kukaririwa na mtoto mbele ya mkutano. Kwa upande wa sanaa za maonyesho, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, waliendesha katika miaka ya 1980 miradi ya vijijini, kama ule wa Malya, ambamo wanakijiji wenyewe waliyachagua matatizo yao na kuyaigiza, kisha mjadala ukafuata. Hapo swali la msikilizaji halikuandikwa na mtu mwingine. Mlama aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Funzo kwa mtunzi wa leo

Historia hii fupi inatoa kipimo cha kumpimia mtunzi anayekwenda kusema juu ya kitabu chake, iwe katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Dodoma au katika shule ya sekondari Kwa Mtoro. Afike wakati ambao watu wana nafasi. Asome kifungu kifupi, akifungue, ndipo aendelee. Awape wenyeji wasome sehemu ya kitabu kwa sauti zao, kwani kitabu kinachokaa kinywani mwa watu hudumu baada ya mgeni kuondoka. Aanze na pingamizi lililo zito kuliko yote dhidi ya kazi yake, alitamke kwa nguvu zake zote kama vile angekuwa upande huo.

Zaidi ya hayo, aache nafasi ambayo hakuiandalia jibu. Hapa ndipo mtunzi wa leo anapoweza kwenda mbele kuliko ngonjera. Mnyampala alijua kwamba hadhira ya nyanda za kati haikubali kunyamazishwa, akaijengea muundo wenye nafasi ya kujibu. Kilichokosekana ni kumwachia msikilizaji aamue mwenyewe aseme nini katika nafasi hiyo. Mtunzi anayeulizwa swali asilolitarajia, akasita, akafikiri, na pengine akakubali kwamba kitabu chake hakikuligusa, hajaaibika. Amekinadi kitabu kwa namna ya kweli kuliko zote, maana amewaonyesha wasikilizaji kwamba kinastahili kubishaniwa. Kuuliza si ujinga, na kwa mtunzi, kuulizwa ni heshima.